Nani Alimruhusu Bawabu Kuchora Jua?

Ijumaa Kuu ya mwaka 1935, huko North Carolina, Marekani, mtumishi mmoja wa ndani alichukua karatasi akachora. Alikuwa na miaka 42. Shule aliiacha akiwa bado mtoto, na tangu hapo alikuwa ameuza chaza nyumba kwa nyumba na kutumika katika majumba ya matajiri. Hakuchora mtu, wala nyumba, wala mti. Alichora duara ndani ya duara, nusu duara zikipandiana, na vistari vilivyosongamana kana kwamba kuacha upenyo ni kosa. Ukafuata mchoro wa pili wa aina hiyo hiyo. Kisha akatulia kwa takriban miaka mitano, na aliporudi hakuacha tena mpaka uzeeni.

Mama huyo ni Minnie Evans, aliyezaliwa Desemba 1892 na kufariki Desemba 1987. Kuanzia 1948 hadi 1974 alikuwa bawabu wa bustani ya Airlie, mjini Wilmington. Alikaa langoni, akapokea kiingilio, na wageni wakipungua akachora. Picha alizitundika pale pale langoni, nyingine akaziuza kwa senti 50. Vifaa vyake vilikuwa penseli za rangi na rangi za nta, zile zile za watoto wa shule. Rangi za mafuta zilikuja baadaye. Katikati ya karatasi mara nyingi kuna uso uliokukabili, macho makavu yasiyopepesa. Kuuzunguka kuna majani, mabawa, majua, miezi, nyota, pinde za mvua na macho mengine zaidi, upande wa kushoto ukiufuata wa kulia kama karatasi iliyokunjwa katikati wino ungali mbichi. Ufunike uso kwa kiganja chako: kinachobaki ni mhimili mmoja wa wima na maumbo yanayoujibu kutoka pande zote mbili.

Picha za namna hii zina ndugu wengi, na ndugu hao hawakujuana. Uswisi alikuwako Emma Kunz, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1892, mganga wa vijijini aliyechora mamia ya nyota, almasi na matundu ya nyavu kwenye karatasi ya grafu. Kaskazini mwa Ufaransa alikuwako Augustin Lesage, mchimba makaa ya mawe ambaye turubai yake ya kwanza ilikuwa na mita 3 kwa 3. Afrika Magharibi kulikuwa na karani wa Ivory Coast, Frédéric Bruly Bouabré, aliyeona mbingu ikifunguka na majua saba yakilizunguka jua mama. Hakuna kati yao aliyekanyaga chuo cha sanaa. Iweje basi watu wasiojuana, wasio na mwalimu mmoja, wengi wao wageukie juu kwa nguvu inayowaamuru, na wote waishie kwenye mstari ulionyooka na duara lililofungwa?

Yako majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni la waumini: waliyaona kweli, na walichokiona ndivyo kilivyo. La pili ni la maabara. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia Heinrich Klüver alichunguza njozi zinazoletwa na dawa ya mmea wa peyote, akabaini kwamba zinarudia maumbo machache: nyavu, utando wa buibui, handaki na mzunguko wa konokono. Yaani jiometri imo ndani ya jicho na ubongo wenyewe. Fumba macho uyasugue kwa vidole, utaiona bila dawa yoyote. Jibu hili lina nguvu, lakini linakomea mlangoni. Linaeleza kwa nini mtu aone mduara gizani. Halielezi kwa nini aamke, atafute rula, na auchore mduara huo mara mia nne.

Mimi naona jibu liko karibu zaidi na maisha ya kila siku. Jiometri yao ilitoka kazini. Mbingu yao ilikuwa kibali.

Tuanze na kazi, maana hapo ndipo neno "kujifunza mwenyewe" linapotudanganya. Kwa Kiswahili tunasema mtu "hakusoma" tukimaanisha hakwenda shule, kisha tunasahau kwamba mikono yake imesoma miaka thelathini. Emma Kunz alizaliwa katika familia maskini ya wafumaji wa nguo kwa mkono, na ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma sweta. Kitambaa ni nini kama si grafu? Mtande unakwenda huku, mshindio unapita kule, na kila ua unaloliona kwenye nguo ni hesabu ya nyuzi zilizopandishwa na zilizoshushwa. Mtu wa nyumba hiyo akiwekewa karatasi ya milimita mbele yake hakai mbele ya kitu kigeni. Itazame michoro yake kwa karibu: mistari ya penseli mamia kwa mamia, imevutwa kutoka nukta hadi nukta mpaka pale inapokatana inaanza kung'aa kama hariri.

Lesage vivyo hivyo. Ukiiangalia picha yake kwa mbali unaona hekalu: nguzo, matao, ngazi juu ya ngazi. Sogea. Hekalu lote limejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyorudiwa, safu juu ya safu. Turubai ile kubwa aliianzia pembeni juu akasonga sehemu kwa sehemu bila kuchora kiunzi kwanza, kama vile mchimbaji anavyoufuata mshipa wa makaa. Ilimchukua sehemu kubwa ya mwaka 1912 na 1913, akichora baada ya kutoka shimoni. Na alipoanza kuuza, bei aliipiga kwa gharama ya vifaa na idadi ya saa alizotumia, kila saa kwa ujira wa mchimba makaa. Watu huitaja habari hii kama kichekesho. Mimi naiona ni ufunguo: kwake ile ilikuwa zamu.

Kwa Bruly Bouabré alama ya kazi haijifichi hata kidogo. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Ufaransa, na sanaa yake ni kadi: maelfu ya vikadi vya takriban sentimita 10 kwa 15, vimechorwa kwa kalamu ya wino na penseli za rangi, picha katikati, maneno yakizunguka ukingoni kama kwenye mhuri. Aliwaundia watu wake, Wabété, maandishi yao, alama 449 za silabi, nyingi zikitokana na maumbo ya mawe ya eneo lao. Ni masjala hiyo, masjala ya ulimwengu mzima, na aliyeipanga ni mtu aliyezoea kufungua faili.

Na Minnie Evans? Mwenye jumba alilolitumikia aliolewa mara ya pili na Henry Walters, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa nchini Marekani, ambaye hazina yake ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la Walters huko Baltimore. Watumishi wa nyumba za namna hiyo hufuta vumbi vitu ambavyo wanafunzi wa sanaa hulipa nauli kwenda kuvitazama. Baadaye ikaja bustani yenyewe, yenye mialoni mikubwa na maua ya azalea, na njia ambazo bawabu huziona kila siku kutoka mahali pamoja, lango likiwa katikati. Ulinganifu wa picha zake una mambo ya njozi, sikatai. Una pia mambo ya lango.

Ulinganifu huo, tukiingia kidogo katika ufundi wenyewe, una faida ambayo wasomi wa sanaa huipita haraka. Chuoni mchoraji hufundishwa kuonyesha umbali: mistari inayokutana kwenye upeo wa macho, kitu cha mbali kiwe kidogo. Mfumo huo ukikosea mstari mmoja, chumba kizima kinapinda. Mfumo wa mhimili hauna woga huo. Ukiongeza jani kushoto, unaongeza jani kulia, picha inakua na inabaki imesimama. Ndiyo maana Evans, katika miaka ya 1960, aliweza kuchukua michoro yake ya zamani, akaikata, akaibandika ndani ya picha kubwa mpya, akazunguka tena na rangi. Picha yenye chumba na dirisha haikubali kufanyiwa hivyo. Picha yenye kitovu inakubali, kama msikiti unavyokubali kuongezewa safu za nyuma huku kibla kikibaki pale pale. Kwa mtu anayechora kwa vipande vya muda, kati ya mgeni mmoja na mwingine, nidhamu ya namna hii ni msaada mkubwa kuliko masomo mengi.

Sasa mbingu.

Tarehe 10 Novemba 1898, Wilmington ilishuhudia wazungu wenye silaha wakiipindua serikali halali ya mji na kuwaua raia weusi. Evans alikuwa hajatimiza miaka sita. Alikulia, akaolewa na akatumika katika mazingira yaliyotokana na siku hiyo. Mwanamke mweusi wa mji huo, mtumishi, angesimama vipi katikati ya miaka ya 1930 aseme: mimi ni msanii? Hakusema hivyo. Alisimulia kwamba sauti ilimtaka achague, achore au afe. Lesage naye, akiwa na miaka 35, alisikia sauti ndani ya mgodi mwaka 1911 ikimwambia kwamba siku moja atakuwa mchoraji. Kwa muda hakumwambia mtu, akiogopa kuonekana mwendawazimu. Bruly Bouabré aliona majua yake Dakar, tarehe 11 Machi 1948, na tangu siku hiyo akajiita Cheik Nadro, asiyesahau.

Ukisema umeamua, utaulizwa nani kakuruhusu. Ukisema umeambiwa, swali limeshajibiwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu lugha yetu imeshalimaliza jambo hili kwa neno moja: kuoteshwa. Mganga hasomi dawa, huoteshwa. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, hakuna aliyedai cheti cha famasia. Habari ilikuwa kwamba Babu, kama alivyoitwa, ameoteshwa. Kitenzi chenyewe kimekaa katika hali ya kutendewa, na hapo ndipo penye siri. Anayeoteshwa hakujituma. Wachoraji hawa walioteshwa, na kwa hiyo waliweza kufanya jambo ambalo tabaka lao, jinsia yao au rangi yao haikuwapa haki ya kulifanya.

Sisemi walidanganya. Kibali si uongo. Mtu anayefanya kazi ya mikono saa kumi kwa siku, kisha usiku akasikia ndani yake msukumo usio na jina, atautafutia jina katika msamiati alionao. Evans alikuwa mtu wa kanisa na ndoto zake zilimsumbua tangu utoto. Lesage aliishi pahali ambapo mikutano ya kuita mizimu ilikuwa imeenea mpaka kwenye nyumba za wachimbaji. Msukumo ulikuwa wa kweli. Jina lilitoka mahali walipokuwa.

Hoja yoyote inayofaa lazima ipimwe kwa mfano unaoikataa, na mfano huo upo. Hilma af Klint wa Sweden alisoma Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Stockholm na kuhitimu 1887. Alijua kuchora mandhari na sura za watu, na alijipatia riziki kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kati ya 1906 na 1915 alichora picha 193 za miduara, konokono, piramidi na jua, akisema ameagizwa na viumbe wa ulimwengu wa juu, na akaelekeza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake, kilichotokea 1944. Yeye shule alikuwa nayo. Je, kibali cha nini tena? Nadhani jibu ni kwamba cheti kilimruhusu kuchora maua na watu. Hakikumruhusu mwanamke wa wakati ule kuchora kisichokuwepo. Mchoraji Kandinsky, mwanamume, alipoacha kuchora vitu aliandika kitabu cha nadharia. Af Klint alitaja maagizo. Cheti na kibali, kumbe, ni vitu viwili.

Mfano wa pili unaikaza hoja kutoka upande mwingine, nao unatoka Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, maofisa wa Kibelgiji waliwapa karatasi na rangi za maji wachoraji wachache, miongoni mwao Albert Lubaki, mchonga pembe aliyekuwa Bukama, Katanga, na Djilatendo, fundi cherehani wa Ibanshe, Kasai. Kazi zao zilionyeshwa Brussels 1929 na Geneva 1930, kisha zikasahauliwa kwa miongo mingi. Mwaka 2015 zilirudi mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo jijini Paris. Baadhi ya karatasi za Djilatendo ni jiometri tupu: miraba, zigizaga, mafundo ya mistari yanayopishana. Hakuna malaika wala sauti. Na kwa nini iwepo? Katika nchi inayopakana na Wakuba, ambao nguo zao za rafia zimejaa maumbo hayo hayo, fundi cherehani hahitaji mbingu imruhusu kuchora pembetatu. Jirani zake wote wanaijua. Aliyehitaji maelezo alikuwa Mbelgiji.

Kwetu pwani, Edward Saidi Tingatinga naye hakuwa na shule ya sanaa. Alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vibao vya masonaiti na rangi ya kupakia baiskeli, alichora wanyama na ndege wanaonunulika, na kibali chake kilikuwa mteja pale Morogoro Stores, Oysterbay. Soko likikuruhusu, mbingu inaweza kupumzika.

Bado kuna suala la majina, ambalo nitalipitia kwa ufupi kwa sababu limeandikiwa mengi kuliko linavyostahili. Mwaka 1945 Mfaransa Jean Dubuffet alianza kukusanya kazi za wagonjwa wa akili, wafungwa, waita mizimu na watu wasiosoma, akaziita sanaa ghafi. Mkusanyo wake uko Lausanne tangu 1976, na turubai ile ya kwanza ya Lesage imo. Mwaka 1972 Mwingereza Roger Cardinal akalitafsiri wazo hilo kwa jina lenye maana ya sanaa ya walio nje. Milango nayo ilianza kufunguka: mpigapicha Nina Howell Starr alikutana na Evans mwaka 1962, akampigania, na mwaka 1975 jumba la Whitney jijini New York likamwandalia maonyesho. Lakini majina hayo huwauza wachoraji hawa kama watu wasioguswa na chochote. "Ghafi" ni neno la ajabu kwa mtu aliyeutazama mwaloni mmoja kwa miaka 26. Na "nje" ya wapi? Evans alikuwa ndani ya lango. Walionunua tiketi ndio waliokuwa nje.

Nimemwacha Emma Kunz mwisho kwa makusudi, maana yeye ndiye anayetusumbua zaidi sisi wa huku. Kuanzia 1938 alining'iniza timazi juu ya karatasi ya grafu, akauliza swali, akafuata mwendo wa timazi na kutia nukta, kisha akaunga nukta kwa mistari. Maswali yalikuwa ya wagonjwa, ya hali ya dunia, ya nguvu zisizoonekana. Mchoro ukiisha aliulaza sakafuni kati yake na mgonjwa na kuusoma. Mhakiki wa Ulaya atatafuta hapo uhusiano na sanaa dhahania ya karne ya 20. Mzee wa Pemba au Lamu atasema neno moja: ramli. Nukta, mistari, umbo linalotoka bila mpigaji kulichagua, na usomaji mbele ya mwenye shida. Naye hatashangaa jiometri kukutana na tiba, kwa sababu ameona hirizi zenye miraba ya tarakimu zinazolingana kila upande, na anajua kwamba katika vitabu vya falaki nyota na namba hukaa ukurasa mmoja.

Tofauti iko kwenye kinachobaki. Mpiga ramli hafuti mchanga kwa sababu ni mbaya; anaufuta kwa sababu jibu limeshatoka. Kunz aliiweka michoro yake, yapata mia nne, lakini hakuipa majina wala tarehe, na hakuiuza. Alifariki Januari 1963, na maonyesho ya kwanza makubwa yakaja miaka kumi baadaye, huko Aarau. Tangu hapo michoro iko ukutani, ndani ya vioo, na watunzaji wa makumbusho wanaipanga kwa macho: hii inafanana na ile, hii huenda ilitangulia.

Mwaka 1942, katika machimbo ya kale ya Warumi huko Würenlos, Kunz alitambua jiwe aliloamini linaponya, akaliita AION A. Unga wake unauzwa katika maduka ya dawa ya Uswisi hadi leo. Michoro yake ilipopelekwa London mwaka 2019, kwenye jumba la Serpentine, msanii Christodoulos Panayiotou alichonga mabenchi kutokana na jiwe hilo. Wageni waliingia, wakatazama nyota za penseli ukutani, wakachoka miguu, wakakaa juu ya dawa.